Ulezi wa Kisheria wa Mtoto au Mtu Mzima Asiyejiweza: Mwongozo Kamili wa Kuuomba Mahakamani

Mara nyingi hitaji la ulezi wa kisheria hujitokeza kaunta. Umemlea mtoto wa marehemu dada yako tangu akiwa mchanga na kila jirani anajua hivyo, lakini siku ya kumwombea pasipoti ofisa anataka saini ya mzazi, au ya mlezi mwenye amri ya mahakama. Au mama amepata kiharusi, hela za kulipia matibabu zipo kwenye akaunti yake, na mhudumu wa benki anakueleza kwa upole kwamba kuwa mtoto wake wa kwanza hakukupi haki ya kusaini. Ndipo watu hukimbilia mahakamani, na wengi huteleza kwenye hatua ya kwanza kabisa: wanaomba kila kitu.

Mahakama haikukabidhi mtu. Inakukabidhi mamlaka ya kuamua mambo fulani kwa niaba yake, kwa muda fulani, ukiwa chini ya macho yake. Ombi linalotaja mambo hayo na kueleza kwa nini hayawezi kutatuliwa kwa njia nyepesi zaidi ndilo linalomrahisishia hakimu kazi. Sheria, fomu na ada hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, ila mpangilio wa safari yenyewe unafanana karibu kila mahali, na ndio ninaoufuata hapa.

Kwanza, andika kilichokwama

Chukua karatasi kabla hujamtafuta wakili. Andika mambo yaliyoshindikana kwa sababu huna mamlaka, kila jambo kwenye mstari wake. Usiandike "kumsaidia mama". Andika: kutoa hela ya matibabu kwenye akaunti yake, kupokea pensheni yake, kukubali au kukataa upasuaji, kuuza nyumba. Kwa mtoto: kumwandikisha shule, kumwombea pasipoti, kuridhia chanjo na matibabu, kupokea urithi alioachiwa.

Karatasi hiyo itakuonyesha unaomba ulezi wa aina gani. Nchi nyingi hutenganisha ulezi wa mtu (makazi, afya, elimu) na usimamizi wa mali yake. Mtoto asiye na mali yoyote hahitaji msimamizi wa mali, na ukiomba usimamizi huo utajiletea dhamana, mahesabu na ripoti za bure. Mzee mwenye nyumba na akiba ambaye bado anaweza kusema anataka kuishi wapi na nani amwogeshe, huenda anahitaji msaada wa fedha tu.

Pili, angalia kama kuna njia fupi

Hakimu makini atakuuliza swali hili, kwa hiyo jiulize mapema. Ikiwa mzazi wa mtoto yuko hai, anapatikana na ameridhia, mara nyingi barua ya idhini iliyothibitishwa kisheria inatosha kwa shule na hospitali. Ikiwa mzazi aliteua mlezi katika wosia, yawezekana unachohitaji ni mahakama kuuthibitisha uteuzi huo tu. Na kama nia yako ni mtoto awe wako moja kwa moja, arithi kwako na uhusiano wa kisheria na wazazi wa awali ukatike, hapo unazungumzia kuasili, ambako kuna masharti yake tofauti. Ulezi hauukati undugu huo: mzazi aliye hai anaweza kubaki na haki ya kumwona mtoto, na siku moja anaweza kurudi mahakamani kuomba amri ifutwe.

Kwa mtu mzima, ulizia kama aliwahi kusaini hati ya uwakilishi, yaani hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, alipokuwa na akili timamu. Isome yote. Katika nchi nyingi hati ya kawaida hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa kuamua; inayobaki na nguvu ni ile iliyoandikwa wazi kwamba itaendelea baada ya hapo, au itaanza kufanya kazi wakati huo. Kama yupo mgonjwa ambaye ndiyo kwanza ameanza kusahau na bado anaelewa anachosaini, mpelekeni kwa wakili mapema akachague mwenyewe wa kumwakilisha. Hiyo ni nafuu kuliko kesi, na chaguo linabaki lake. Vilevile mifuko mingi ya pensheni ina utaratibu wa kumruhusu mtu mwingine ampokelee mstaafu asiyejiweza, bila amri ya ulezi.

Dunia nayo inaelekea huko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 12, unataka hatua za aina hii zilingane na hali halisi ya mhusika, zidumu kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo na zipitiwe mara kwa mara na chombo huru. Ujerumani iliachana na ulezi wa mtindo wa zamani kwa watu wazima mwaka 1992 na kuweka utaratibu wa msaidizi anayepewa maeneo maalumu tu. Peru ilifuata mwaka 2018 kwa kuondoa ulezi wa watu wazima kwa sababu ya ulemavu, Colombia mwaka 2019, Hispania mwaka 2021. Ukiishi katika nchi ya namna hiyo utakuta jina la ombi limebadilika na kuwa msaada wa kufanya maamuzi.

Kwa mtu mzima: uthibitisho wa uwezo

Kesi nyingi za watu wazima husimama au kuanguka hapa. Mtu mzima huchukuliwa kuwa ana uwezo wa kuamua mambo yake hadi ithibitishwe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Uzee haumwondolei mtu uwezo huo. Utambuzi wa ugonjwa wa akili peke yake hautoshi. Wala uamuzi usiokupendeza hautoshi: baba anayegawa hela kwa watu usiowaamini anaweza kuwa anafanya ujinga akiwa na akili zake timamu.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa akili inatoa kipimo kinachosaidia hata nje ya nchi hiyo, maana ni maswali ya kawaida kabisa. Kuhusu uamuzi huu mahususi, je, mtu anaweza kuelewa taarifa zinazohusika? Anaweza kuzishika kichwani kwa muda wa kutosha kuamua? Anaweza kuzipima? Anaweza kuwasilisha uamuzi wake kwa njia yoyote, hata kwa kupepesa jicho au kubana mkono? Akishindwa hata moja kwa sababu ya tatizo la akili au ubongo, hana uwezo kwa jambo hilo, wakati huo. Kwa mengine anaweza kuwa nao.

Kabla ya kumpeleka kupimwa, ondoa visababishi vya kupita. Mzee anaweza kuchanganyikiwa vibaya kwa sababu ya maambukizi kwenye njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa zinazogongana, na akarudi katika hali yake baada ya kutibiwa. Hakikisha ana miwani yake na kifaa chake cha kusikia. Kama akili yake huwa nzuri asubuhi na kuvurugika jioni, apimwe asubuhi. Wapo watakaoshangaa kwa nini mwombaji ajitahidi mgonjwa aonekane vizuri, lakini ripoti iliyotokana na siku yake nzuri haitikisiki kirahisi mahakamani.

Kwa daktari usiombe "barua ya kuonyesha ni mgonjwa". Barua ya mistari mitatu inayosema "mgonjwa huyu ana tatizo la kusahau na hawezi kushughulikia mambo yake" ni karatasi dhaifu sana. Omba ripoti yenye tarehe ya vipimo, jina la ugonjwa, maswali aliyoulizwa na majibu aliyotoa, mambo anayoweza kuamua, asiyoweza, na kama kuna matumaini ya kupata nafuu. Mfano wa aya yenye nguvu ni huu: "Nilimwonyesha noti mbili za thamani tofauti akashindwa kuzitofautisha. Nilimweleza mara mbili kwamba nyumba yake inakusudiwa kuuzwa. Baada ya dakika tano hakukumbuka tulizungumzia nyumba. Alieleza kwa usahihi na bila kuyumba kwamba anataka kuendelea kuishi na binti yake." Katika sentensi nne hakimu ameshajua kwamba fedha zinahitaji msimamizi, na kwamba suala la makazi linabaki mikononi mwa mgonjwa.

Zungumza na ndugu kabla ya kufungua shauri

Ombi la ulezi si la siri. Wazazi walio hai, mwenzi wa ndoa, watoto wakubwa na ndugu wa karibu hupelekewa taarifa, na mhusika mwenyewe pia. Ndugu anayejua habari hizi kwa wito wa mahakama anakuja akiwa amekasirika hata kama hana hoja. Kaa nao kwanza. Onyesha ile karatasi yako: mambo haya manne tu, si mali yote. Wengi hutulia hapo, kwani hofu yao ni kwamba mmoja anataka kujimilikisha. Wanaokubali waandike ridhaa zao na kuzisaini. Asiyekubali, sikiliza anachokataa hasa. Pengine anataka tu kuonyeshwa mahesabu kila baada ya miezi kadhaa, na hilo linaweza kuandikwa ndani ya ombi.

Mzazi asiyejulikana alipo ni jambo linalochelewesha kesi nyingi za watoto. Usiandike tu kwamba "alitoweka". Orodhesha ulikomtafuta: anwani ya mwisho, namba zake za simu, ndugu zake, kazini kwake. Mahakama ikiridhika umetafuta kwelikweli inaweza kuruhusu taarifa itolewe kwa njia nyingine, kama tangazo gazetini.

Nyaraka na kiapo

Kusanya kitambulisho chako. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Vyeti vya vifo vya wazazi, au ridhaa ya mzazi aliye hai. Uthibitisho wa undugu. Uthibitisho wa makazi na kipato chako. Ripoti ya daktari kwa mtu mzima. Na orodha ya mali kama unaomba kuisimamia. Baadhi ya mahakama hutaka pia cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Jina likiandikwa tofauti kwenye vyeti viwili, lirekebishe au liapie mapema, kwa sababu herufi moja tu yaweza kuahirisha shauri.

Kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli, ndicho kinachobeba hadithi yako, na hapa ndipo maneno mengi huharibu. Aya moja, jambo moja, uliloliona au unalolijua mwenyewe. "Nampenda mtoto huyu kama wangu" ni kweli, lakini haithibitishi chochote. Linganisha na hii: "Mtoto anaishi nami tangu Machi 2021, mama yake alipofariki. Analala chumba kimoja na binti yangu. Mimi ndiye ninayelipa ada, na risiti ziko katika kiambatisho cha tatu. Shule imekataa kumsajili kwa mtihani wa mwisho bila saini ya mlezi wa kisheria. Barua ya shule ni kiambatisho cha nne." Ya pili inamwambia hakimu nani anamlea, wapi, kwa uthibitisho gani, na nini kimekwama.

Taja pia yasiyopendeza. Kama unamdai mgonjwa, kama unaishi kwenye nyumba yake bila kodi, kama uliwahi kuhukumiwa, liseme mwenyewe kwenye kiapo na utoe maelezo. Likiibuliwa na upande wa pili, linakula uaminifu wa kila aya nyingine.

Mwisho wa ombi, andika unachoomba kwa namba, ukikitoa moja kwa moja kwenye karatasi yako ya kwanza. Jambo ambalo halimo humo lisiwe kwenye ombi.

Kufungua shauri, na pale penye dharura

Masjala, yaani ofisi ya mahakama inayopokea mashauri, itakuambia mahakama ipi ina mamlaka. Kwa kawaida ni ya mahali anapoishi mtoto au mgonjwa, si unapoishi wewe. Lipa ada, pokea namba ya shauri, hakikisha kila anayestahili taarifa ameipata na ushahidi wa kuipokea umerudishwa kwenye jalada. Tarehe nyingi hupotea kwa sababu ushahidi huo haupo. Wakili si lazima kila mahali, ila kukiwa na pingamizi au mali kubwa mtafute.

Kama upasuaji hauwezi kusubiri au mtu anamaliza hela za mgonjwa sasa hivi, unaweza kuomba amri ya muda, ambayo nyakati nyingine hutolewa baada ya kusikiliza upande mmoja tu. Iombe kwa lile jambo la dharura peke yake. Ya muda nayo ina tabia ya kuota mizizi. Mwimbaji Britney Spears aliwekwa chini ya usimamizi wa muda na mahakama ya Los Angeles mwaka 2008, na usimamizi huo ulifutwa Novemba 2021. Katika miaka hiyo alitoa albamu na kupanda jukwaani Las Vegas, huku maamuzi ya fedha na maisha yake yakifanywa na wengine. Usimamizi ulipewa upana mkubwa, na mtu aliyekuwa akifanya kazi kila siku alihitaji zaidi ya miaka kumi na tatu kuuvua.

Ofisa ustawi na siku ya kusikilizwa

Katika kesi za watoto, na nyingi za watu wazima, ofisa ustawi wa jamii au mchunguzi wa mahakama atakuja nyumbani. Haji kukagua samani. Anataka kuona mtoto analala wapi, nani mwingine anaishi hapo, ana ratiba gani, anakuzoea vipi. Fanya usafi wa kawaida, halafu acha maisha yaendelee. Usimfundishe mtoto majibu: maofisa hawa huzungumza na watoto kila wiki, na maneno ya mtu mzima kwenye kinywa cha mtoto wa miaka saba wanayatambua mara moja.

Mtoto naye ana sauti. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka maslahi yake yazingatiwe kwanza (ibara ya 3), na mtoto anayeweza kuunda maoni yake apewe nafasi ya kuyatoa, yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake (ibara ya 12). Hakimu anaweza kuzungumza naye ofisini kwake, faragha. Mwambie mtoto kwa lugha yake kinachoendelea, na kwamba mwamuzi ni hakimu, asije akaona anachagua nani wa kumpenda. Kama wako ndugu wawili au watatu, eleza mpango wa kuwaweka pamoja. Kuwatenganisha kunahitaji sababu nzito.

Mtu mzima ana haki ya kuwapo, kuwa na wakili wake na kupinga ombi. Akipinga usilichukulie kama utovu wa shukrani. Msikilize, na kama kuna mamlaka unayoweza kuyaondoa kwenye ombi, yaondoe hapohapo. Nawe ukiulizwa swali, jibu lililoulizwa. Kwa hakimu anayetaka kujua utagharamiaje matibabu, historia ya ugomvi wa shangazi ni kelele.

Baada ya amri

Isome amri neno kwa neno kabla hujaondoka mahakamani: majina, tarehe, mamlaka uliyopewa, kikomo chake. Kosa la herufi hurekebishwa kirahisi siku hiyohiyo kuliko mwaka ujao. Chukua nakala kadhaa zilizothibitishwa, maana benki, shule, hospitali na pensheni kila mmoja atataka yake.

Kama umepewa fedha za kusimamia, fungua akaunti tofauti yenye jina linaloonyesha ni za nani. Hela zake na zako zisikutane hata kwa siku moja, hata kama unakusudia kurudisha jioni. Andika matumizi kila yanapotokea, si mwisho wa mwezi: tarehe, kiasi, kwa nani, kwa ajili ya nini, namba ya risiti. "Matumizi ya nyumbani" haisemi kitu. "Dawa za shinikizo la damu, mwezi mmoja" inajieleza. Kuuza nyumba au ardhi, kukopa kwa jina lake, kununua mali yake wewe mwenyewe au kumuuzia ndugu yako, omba ruhusa ya mahakama kwanza. Kwa kawaida hulazimiki kulipa madeni yake kutoka mfukoni mwako, lakini ukitumia vibaya mali yake utalipa, na unaweza kushtakiwa.

Mkihamia nchi nyingine, usidhani amri inasafiri nanyi. Mikataba ya The Hague ya mwaka 1996 kwa watoto na ya mwaka 2000 kwa watu wazima hurahisisha utambuzi kati ya nchi wanachama tu. Uliza kabla ya kununua tiketi, na uliza pia kama unahitaji ruhusa ya mahakama kumtoa mtoto nchini.

Peleka ripoti kwa tarehe zilizowekwa hata kama hakuna kilichobadilika. Kikibadilika kitu, mama akapata nafuu na kuanza kushika hesabu zake, rudi ukaombe amri ipunguzwe au ifutwe. Usingoje aombe yeye. Ulezi wa mtoto huisha akifikia utu uzima, isipokuwa mwenye ulemavu mkubwa anayeendelea kuhitaji maamuzi kufanywa kwa niaba yake. Huyo anahitaji ombi jipya la mtu mzima, na ni busara kulianza miezi kadhaa kabla ya siku yake ya kuzaliwa, ili usijikute bila mamlaka yoyote katikati ya matibabu yake. Mhusika akifariki mamlaka yako hukoma siku hiyo na mali huingia kwenye mirathi, hivyo usiguse akaunti hata kwa gharama za mazishi bila kuuliza. Wasilisha hesabu za mwisho, na usiache jalada bila hati inayoonyesha umeachiliwa rasmi kutoka kwenye wajibu huo. Warithi wanaweza kuja na maswali miaka mingi baadaye.